Mashine tumeihifadhi, je, mikono inayoijua?

NIKIULIZWA nilichojifunza katika miezi mitatu ya mafunzo ya uandishi wa habari za afya nchini Marekani, watu hutarajia niwaeleze habari za hospitali kubwa, bima na vipimo. Hayo yapo, na mengine nimeshayaandika. Lakini somo lililonikaa zaidi sikulipata darasani. Nililipata katika chumba cha chini ya ardhi, kwenye nyumba ya wazee wawili walionipokea mjini Buffalo, jimbo la New York, mbele ya mashine ya chuma ambayo kazi yake ni moja tu: kutoboa matundu kwenye karatasi ili piano ijipige yenyewe.

Usicheke kwanza, msomaji. Hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza niliomba nirudiwe. Lakini nyuma ya mashine hiyo kuna familia iliyokuwa inavutana, kuna mzee ambaye mikono yake ilikuwa inamkimbia, na kuna swali ambalo liko katika nyumba nyingi za hapa kwetu.

Mwenye nyumba ana umri wa miaka 81. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani hadi alipostaafu. Siku ya pili niliomba ruhusa nimwite Babu, kwa sababu kwetu mtu wa umri wake haitwi kwa jina tupu. Alifurahi mno, na mkewe akasema basi na yeye aitwe Bibi. Kuanzia hapo nikawa mjukuu wa nyumba.

Piano yenye mapafu

Ndani ya piano inayojipiga kuna mivukuto kama ile ya mhunzi, ila hii haipulizi hewa, inaivuta. Mtu anakaa kwenye stuli na kukanyaga pedeli mbili kwa zamu. Gombo la karatasi linapita taratibu juu ya kibao cha shaba chenye safu ya matundu madogo, tundu moja kwa kila noti. Karatasi ikiwa nzima, tundu la kibao limezibwa. Pale tundu la karatasi linapokutana na tundu la kibao, hewa inaingia, vali inafunguka, kimvukuto kidogo kinanywea na kusukuma nyundo ya noti ile. Noti inalia. Mimi mwandishi wa afya nilielewa haraka: piano hii ina mapafu.

Mmarekani Edwin Votey alitengeneza chombo chake cha kwanza cha namna hiyo, Pianola, mwaka 1895. Redio ilikuwa bado. Mtu aliyetaka muziki nyumbani alipaswa kuupiga mwenyewe au kumwalika anayeweza. Piano ya gombo ikawaletea wasiojua kupiga muziki wa wanaojua. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, zaidi ya nusu ya piano zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za aina hiyo.

Mwanzoni kila kiwanda kilikuwa na kipimo chake. Ukinunua piano ya huyu, gombo la yule halikufai. Desemba 1908 watengenezaji wakakutana Buffalo, mji uleule niliofikia, wakakubaliana: gombo liwe na upana wa inchi 11 na robo, na kwa piano ya noti 88 matundu yapangwe tisa kwa kila inchi. Ni makubaliano ya zaidi ya karne moja, lakini ndiyo yanayofanya gombo la mwaka 1915 lipigwe leo kwenye piano ya kampuni nyingine kabisa.

Baadaye redio ikaingia majumbani, santuri zikaboreka, na mwaka 1929 uchumi ukaanguka. Viwanda vya magombo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Kampuni ya QRS, iliyoanzishwa na Melville Clark mwaka 1900, ndiyo iliyovumilia. Ilihamia Buffalo, na ilipofika mwisho wa mwaka 2008 ikasimamisha mashine zake za magombo. Babu ananiambia siku ile mji ulikuwa kama una msiba mdogo ambao wageni hawakuuona.

Karani wa posta aliyetoboa nyimbo

Mtu ambaye Babu hakuchoka kumtaja ni J. Lawrence Cook, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Tennessee mwaka 1899. Kwa miongo kadhaa Cook alipanga na kutengeneza maelfu ya magombo ya QRS, huku akifanya pia kazi ya posta ili familia ile. Watu walicheza muziki wake sebuleni bila kujua sura yake. Alianza ufundi wake akiwa kijana kwa mashine ndogo ya mkono iitwayo Leabarjan, iliyotengenezwa katika mji wa Hamilton, jimbo la Ohio.

Mashine ya Babu ni Leabarjan. Aliinunua zaidi ya miaka 40 iliyopita kutoka kwa mjane aliyekuwa anasafisha stoo ya marehemu mumewe. Ilikuwa imefunikwa gunia na imeliwa na kutu upande mmoja. Bibi anakumbuka bei aliyolipa mumewe mpaka senti ya mwisho, kwa sababu ilikuwa fedha ya kununulia friji.

Babu alipenda kunisimulia jambo jingine. Duke Ellington, mwanamuziki mkubwa wa jazi, akiwa kijana alijifunza wimbo wa James P. Johnson uitwao Carolina Shout kwa kulipitisha gombo lake taratibu na kufuata kwa vidole vile vitufe vinavyoshuka vyenyewe. Mwalimu hayupo, lakini mkono wake upo kwenye karatasi. Babu akimaliza kusimulia hayo hunyamaza, kisha huuliza swali lake: “Gombo linaweza kumfundisha mtu kupiga piano. Nani atamfundisha mtu kutengeneza gombo?”

Tundu moja baada ya jingine

Viwanda vikubwa vilikuwa na mashine zilizotoboa nakala nyingi kwa mpigo. Leabarjan si hivyo. Hii inatoboa tundu moja kwa wakati mmoja. Unasogeza kichwa cha mashine hadi kwenye noti unayoitaka kwa kufuata kipimo kilichoandikwa, unabonyeza, panchi inashuka, kijiduara cha karatasi kinadondoka. Unahamia noti inayofuata. Ukimaliza noti zote za hatua hiyo, unasogeza karatasi hatua moja mbele, unaanza tena. Noti ndefu inahitaji matundu mengi yaliyofuatana, yenye vidaraja vyembamba vya karatasi katikati ili gombo lisichanike.

Piga hesabu. Kwa mwendo uitwao 70, karatasi hupita futi saba kwa dakika. Wimbo wa dakika tatu ni futi 21, yaani zaidi ya mita sita za karatasi, na kila tundu limepita mkononi mwa mtu.

Mtunzi Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyehamia Mexico mwaka 1940, alikwenda New York mwaka 1947 na kutengenezewa mashine yake ya kutobolea. Akajifungia nayo kwa miongo kadhaa Mexico City, akitunga muziki wenye kasi na mpangilio ambao vidole 10 vya binadamu haviwezi kuufuata. Kazi ya dakika chache ingeweza kumchukua miezi. Alifariki mwaka 1997, na nyaraka zake zinatunzwa na taasisi ya Paul Sacher mjini Basel, Uswisi.

Nilijaribu kutoboa mstari mmoja. Baada ya nusu saa shingo iliniuma, na wimbo wangu ulikuwa na urefu wa kiganja. Babu alicheka hadi akakohoa.

Kuhifadhi si kung’arisha

Nilidhani kuhifadhi mashine ya kale ni kuipiga msasa na kuipaka rangi mpaka ing’ae. Babu alinieleza kwamba msasa ni adui. Alama ya kipimo iliyochorwa kiwandani ikifutika, hairudi. Kutu ya juu anaitoa kwa mafuta mepesi ya mashine na kitambaa, taratibu, siku baada ya siku. Hafungui skrubu kabla ya kupiga picha. Kipande kinachong’olewa kwa sababu kimechoka hakitupwi. Kinawekwa kwenye bahasha, bahasha inaandikwa jina la kipande, tarehe, na sababu ya kukitoa.

Panchi yenyewe na bamba lenye tundu linaloipokea ndiyo moyo wa mashine. Vikipishana kidogo tu, karatasi haikatwi, inachanwa. Kwa hiyo Babu alichonga panchi mpya za kufanyia kazi kwa kufuata vipimo vya ile ya zamani, na ile ya zamani akaiweka kwenye bahasha. “Mpya ichakae, ya kale ipumzike,” aliniambia. Huo ndio msimamo wake katika mabishano ya siku zote ya wahifadhi: mashine ikitumika inakwisha, isipotumika inasahaulika.

Kwenye piano zenyewe mambo ni magumu zaidi. Mpira na ngozi za mivukuto hukauka na kupasuka. Baadhi ya vipande vilivyosubiwa kwa mchanganyiko wa zinki huvimba na kumeguka vyenyewe hata bila kuguswa. Mafundi waangalifu wanabandika kwa gundi ya kale inayotokana na ngozi za wanyama, kwa sababu inalegea kwa joto na unyevu, hivyo fundi wa miaka 50 ijayo ataweza kuifungua bila kuvunja mbao.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoingia. Katika kona moja ya chumba kile kulikuwa na piano iliyofunguliwa, na ndani yake kulikuwa na mirija mingi ya kijivu yenye unga mweupe. Nikauliza mirija ile ni ya madini gani. Ni risasi. Piano nyingi za zamani zilitumia mirija ya risasi, nayo ikizeeka hutoa unga huo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu inaathiri ubongo unaokua. Tukakubaliana mambo manne: hakuna kufagia unga ule ukiwa mkavu, unafutwa kwa kitambaa chenye maji, glavu na barakoa lazima, hakuna kula mle ndani, na mikono inanawa kwa sabuni kabla ya kupanda juu. Bibi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anamletea mumewe sandwichi hukohuko chini, aliniunga mkono kwa sauti kubwa.

Mwandiko uliokuwa unapungua

Zile bahasha zilikuwa zaidi ya 100, zimepangwa kwenye masanduku ya viatu kwa kufuata miaka. Jioni moja Babu aliniruhusu nizisome. Za miaka ya 1980 zilikuwa na herufi kubwa, zilizonyooka, za mtu aliyezoea kuandika vipimo. Za miaka ya 2000 vilevile. Nilipofika kwenye za miaka ya karibuni, herufi zilianza kuwa ndogo. Kila mwaka zilipungua. Katika bahasha ya mwisho, neno la kwanza lilisomeka, la pili likawa dogo zaidi, la tatu likawa mstari tu.

Nilijua ninachokiona kabla hajaniambia. Mwandiko unaosinyaa namna hiyo ni moja ya dalili za ugonjwa wa Parkinson. Ugonjwa huu unaua taratibu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kupanga mwendo. Mtu hutetemeka mkono ukiwa umetulia, misuli hukakamaa, hatua hufupika, kila jambo huchukua muda mrefu zaidi. Hauna tiba ya kuuondoa, ila zipo dawa zinazorudisha mwendo kwa saa kadhaa.

Babu alikuwa ameyapanga maisha yake kwa saa hizo. Anameza dawa asubuhi, anakaa na Bibi wanywe kahawa, na dawa inaposhika anashuka chini kwenye mashine. Wataalamu wa mazoezi ya viungo hutumia mdundo kuwasaidia wagonjwa wa Parkinson kutembea, maana mdundo huupa mwili ishara ya kufuata. Babu hakusoma hilo popote. Alisema tu kwamba akihesabu kwa sauti, moja, mbili, bonyeza, moja, mbili, bonyeza, mkono unatii. Asipohesabu, unagoma.

Sitaki msomaji aelewe kwamba mashine ilikuwa inamponya. Haikumponya. Miezi mitatu niliyokaa pale ilitosha kuona saa za dawa zikifupika.

Kikao cha familia

Mtoto wao wa kiume anaishi mji mwingine na huja kila baada ya wiki mbili. Ni mtu mwenye adabu na anawapenda wazazi wake. Alitaka nyumba iuzwe, wazee wahamie karibu naye kwenye nyumba isiyo na ngazi, na mashine ikabidhiwe mapema kwa wahifadhi wa vyombo vya muziki. Hoja zake zilikuwa za kweli. Ngazi za kwenda chini ni 13 na ni za mwinuko mkali. Kuanguka ndiko kunakowamaliza wazee wengi, na mwenye Parkinson yuko kwenye hatari zaidi.

Babu alisema mashine itatoka siku atakayotoka yeye. Bibi alisema hataki kumwokota mtu chini ya ngazi. Mjukuu wao, msichana wa miaka 16, alikuwa mezani lakini hakusema kitu.

Wakanigeukia mimi. Kwetu mgeni haamui ugomvi wa familia, na nikawaambia hivyo. Lakini niliomba kuuliza swali moja, kama mwandishi: mashine ikichukuliwa kesho na wahifadhi, nani ataweza kuitumia? Mtoto akasema kuna kitabu cha maelekezo. Babu akauliza kitabu hicho kinasema nini kuhusu karatasi wakati wa baridi. Kimya.

Ndipo akaeleza. Buffalo iko kando ya Ziwa Erie. Kiangazi hewa ina unyevu, karatasi inavimba. Majira ya baridi hita zinakausha nyumba, karatasi inanywea. Kwenye kipimo cha matundu tisa kwa inchi, karatasi ikivimba kidogo tu, tundu la noti moja linaanza kuegemea ya jirani. Kwa hiyo yeye huacha karatasi chumbani siku mbili kabla ya kuitoboa, na huigusa kwa mgongo wa mkono kujua kama imetulia. Alieleza pia kwamba panchi kali hulia kama ulimi unaobofya, na inayoanza kuchoka hutoa sauti nzito kama kidole kinachogonga unga. Hayo hayakuwa kwenye kitabu chochote. Yalikuwa kwenye masikio na ngozi ya mtu mwenye Parkinson.

Mtoto wake alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Baba, hukuwahi kuniambia hayo.” Babu akajibu, “Hukuwahi kushuka.” Hakusema kwa ubaya, na mtoto hakuyapokea kwa ubaya.

Daftari la Jumamosi

Siku ileile wakapatana. Nyumba itauzwa majira ya kuchipua, mashine itakwenda kwa wahifadhi, lakini haitakwenda peke yake. Itakwenda na bahasha zote, na daftari, na picha za video za Babu akifanya kazi.

Kila Jumamosi nilishuka na mjukuu. Ngazi zilikuwa zimefungwa reli ya pili ya kushikilia, kazi ya mtoto wa Babu. Mimi nilishika simu na kurekodi, msichana akakaa kwenye mashine, Babu akakaa pembeni yake. Hakumfundisha kwa hotuba. Alimwacha afanye, halafu anauliza, “Umesikia nini?” Mwanzoni msichana alijibu hajasikia kitu. Jumamosi ya nne aliinua kichwa mwenyewe na kusema panchi imebadilika sauti. Babu alimwangalia Bibi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, na wote wawili hawakusema neno.

Kwenye daftari tuliandika kila kitu kwa maneno ya Babu mwenyewe: mafuta gani, matone mangapi, mara ngapi, namna ya kutoa vijiduara vya karatasi vinavyoziba njia, kipi usikiguse hata ukishawishika. Pale aliposema “unajua tu”, nilimrudisha nyuma. Ni kazi yangu. Daktari bingwa naye huniambia “unajua tu” ninapomuuliza amegunduaje ugonjwa kwa kumwangalia mgonjwa akiingia mlangoni. Ukimbana kwa heshima, hatimaye anakuta kuna kitu alichokiona: namna ya kukanyaga, rangi ya kucha, pumzi. Ujuzi wa mikono una maneno. Unahitaji mtu wa kuuliza na muda wa kusubiri jibu.

Hapa niseme jambo kuhusu teknolojia. Chuo Kikuu cha Stanford, California, kilipokea mwaka 2014 mkusanyiko wa Denis Condon kutoka Australia wenye magombo zaidi ya 7,500, na wataalamu wake wametengeneza skana maalumu ya kuyasoma ili muziki usikike hata karatasi ikichoka. Ni kazi njema sana. Lakini skana inahifadhi muziki uliokwisha kutobolewa. Ujuzi wa kutoboa unahifadhiwa kwa njia moja ya zamani, mtu kukaa na mtu.

Sanduku la fundi saa

Nilipokuwa nikiandika lile daftari, mawazo yalikuwa Tabora. Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi saa. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Familia yetu ilimheshimu, na sanduku lake la vifaa halikuuzwa. Liko kwa baba mkubwa mpaka leo, limefungwa kwa kufuli, linafutwa vumbi kila Pasaka na Krismasi. Ndani kuna vibisibisi vyembamba kama njiti, lenzi ya kuweka jichoni, na vyombo vitano au sita ambavyo katika ukoo mzima hakuna anayejua vinafanya nini. Tumehifadhi vyuma. Fundi tulimzika na kazi yake.

Wengi wetu tuna sanduku la namna hiyo. Kuna nyumba yenye cherehani ya bibi ambayo yeye peke yake anajua kuitega uzi. Kuna mzee anayetengeneza zeze au marimba. Kuna mama anayefinyanga chungu na kujua kwa kukigonga kama kitapasuka motoni. Tukiwauliza habari zao tunawauliza za zamani, vita, ndoa, uhamiaji. Ni nadra kuwauliza mikono yao inajua nini.

Kama mwandishi wa afya nina sababu ya kuharakisha jambo hili. Kiharusi hakipigi hodi. Parkinson na maradhi ya usahaulifu huchukua taratibu, na familia hushtuka kazi ikiwa imefika mbali. Dalili za mwanzo zinaweza kuonekana kwenye kazi za mikono: mwandiko unaosinyaa, kifungo kinachochukua dakika nzima kufungwa, mshono ulioanza kupinda kwa mtu ambaye hakuwahi kupindisha. Ukiona hayo usiseme ni uzee tu. Mpeleke mzee akapimwe, kwa sababu tiba ikianza mapema humpa saa nyingi zaidi za kuwa yeye.

Na saa hizo zikipatikana, zitumie. Chukua simu yako, hiyo hiyo unayorekodia harusi, umrekodi akifanya kazi, mikono ionekane zaidi kuliko uso. Mwache afanye polepole. Uliza “umejuaje?” na usikubali jibu la kwanza. Andika majina ya vifaa kama yeye anavyoyaita, hata kama kamusi haina. Bandika jina kwenye kila kifaa. Kisha mtafute kijana mmoja katika ukoo, si lazima awe wako, akae pale na kujaribu hadi akosee mara nyingi.

Wiki iliyopita mjukuu wa Buffalo alinitumia video fupi. Wahifadhi walikuwa wamekuja kuichukua mashine, na mmoja wao, mtu mzima mwenye elimu yake, alimwomba awaonyeshe inavyofanya kazi kabla ya kuifunga kwenye kreti. Babu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, juu, karibu na dirisha, mashine imeshapandishwa sebuleni. Msichana aligusa karatasi kwa mgongo wa mkono, akasubiri kidogo, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, bonyeza. Nyuma yake unasikia sauti ya mzee ikihesabu pamoja naye, imechelewa kidogo, lakini haijapotea hesabu.

Mwezi ujao nakwenda Tabora. Baba mkubwa amekubali kulifungua sanduku, na amenitafutia mzee mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wa babu, ambaye bado ana meza yake sokoni. Nimemwambia asihangaike kuandaa chakula. Nina maswali mengi.